Nilivyowaeleza wanangu nani alikuja Marekani, na nani aliletwa

Mwanangu wa kwanza alirudi na homuwork ya kuandika familia yetu ilifikaje Marekani, mi nikampa ile hadithi ya kila siku kwamba hii nchi ni ya wahamiaji, kila mtu alikuja kutafuta maisha kama sisi. Akanyamaza kidogo akauliza, "Mama, hata wale waliofungwa minyororo?" Jibu sikuwa nalo, na iliniuma, maana nilikuwa nimemdanganya mtoto bila kukusudia.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, usianze na "wote tulikuja". Anza na ya kwenu, halafu rudi nyuma taratibu. Sisi tumeingia kwa loto ya green card, basi nikawaambia loto imetokana na sheria ya 1990, na kabla yake kuna ya 1965 iliyofuta mgao wa nafasi kwa nchi uliowekwa mwaka 1924, mgao ambao uliwapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi, Waasia karibu wote wakafungiwa mlango na Afrika ikabaki na nafasi za kuhesabika. Mdogo aliyashika kwa namna yake: "Kwa hiyo zamani bibi angekataliwa." Karibu ni hivyo, nikamwambia, na sikumlainishia.

Lile swali la minyororo nililirudia wiki hiyohiyo, msiliache lipoe. Mwaka 1619 Waafrika zaidi ya 20, waliotekwa huko Angola, walishushwa Point Comfort, Virginia, wakauzwa. Hao hawakuhamia, waliletwa, na hilo neno moja mtoto wa miaka 6 analielewa vizuri kabisa. Na kabla ya meli yoyote ya Wazungu kulikuwa na wenyeji wa asili, maelfu ya miaka, hao nao wasiachwe nje ya hadithi. Ukatili wote si lazima uumwage siku moja, mdogo mpe kwa kipimo chake, ila usimpe uongo.

Halafu tarehe peke yake haimshiki mtoto, mpe kitu cha kushika mkononi. Tulipofika kwenye habari ya Ellis Island, kituo cha kukagua wahamiaji kilichofunguliwa 1892 pale New York na kikapokea watu kama milioni 12 mpaka kilipofungwa 1954, nilichukua chaki nikamwandikia mkubwa herufi E kwenye koti. Madaktari pale walikuwa wanakuangalia sekunde chache tu wakati unapanda ngazi, wakikushuku wanakuchora, E ni macho, H ni moyo, L ni kuchechemea, unawekwa pembeni upimwe vizuri. Waliorudishwa kwao walikuwa wachache, kama wawili katika kila mia, lakini mwanangu hakutaka kusikia asilimia, alikuwa anaisugua ile E kwa kiganja na chaki inazidi kutapakaa, akaniuliza, je kama mama amechorwa na mtoto hajachorwa? Tukaongelea hilo mpaka chakula kikapoa.

Ila ukiishia Ellis Island umesimulia nusu. Upande wa pili, San Francisco, kulikuwa na kituo kingine kama hicho, Angel Island, 1910 mpaka 1940, na huko Wachina walikuwa wanazuiliwa wiki, wengine miezi, kwa sababu sheria ya 1882 iliwakataza vibarua wa Kichina kuingia na haikufutwa mpaka 1943. Walichonga mashairi ya uchungu kwenye kuta za mbao, mengine yanasomeka hadi leo. Na maswali waliyokuwa wanaulizwa ni ya kuchosha: nyumba yenu kijijini ina madirisha mangapi, ngazi ngapi, jirani wa tatu ni nani, kisha ndugu yako anaulizwa yaleyale, mkitofautiana mnaonekana waongo.

Hapo nikawatenganisha wanangu vyumba viwili, kila mmoja nikamuuliza, nyumba ya bibi ina madirisha mangapi? Mkubwa akasema sita. Mdogo akasema kumi, kwa uhakika kabisa. Nilipowakutanisha wakatazamana, mdogo machozi yakamlengalenga, akauliza, "Sasa tungerudishwa?" Nikamkumbatia kwanza, halafu tukampigia bibi video, akainuka na simu yake akawa anazunguka chumba kwa chumba, anagusa kila dirisha na kuhesabu kwa sauti, na huku wawili wangu wanahesabu pamoja naye.