Jibu: Wafanyakazi hawafanyi lolote bila kuniuliza

Mkuu, umesema una wafanyakazi wanne na simu haitulii, hata jambo dogo wanakuuliza wewe. Samahani, ila hapo tatizo ni wewe zaidi kuliko wao. Mtu akiamua jambo, akakosea, ukamfokea mbele ya wateja, kesho ataamua tena? Thubutu!

Anza na hili: weka kiwango cha fedha ambacho kila mmoja anaruhusiwa kutumia kumaliza lalamiko la mteja bila kukupigia. Kiwe kidogo, kiasi ambacho hata kikipotea utalala usingizi. Halafu akikupigia, usimpe jibu. Muulize, "Wewe ungefanyaje?" kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu, mimi nilijizuia kwa shida kweli. Mfanyakazi wangu mmoja alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika, kumbe anawaza, na alichokuja kusema kilikuwa bora kuliko nilichotaka kumwambia.

Watakosea, hiyo ihesabu kama gharama ya mafunzo. Saini za benki na mikataba baki nazo mwenyewe kwanza. Ukishaona wamezoea, zima simu kwa muda wa saa mbili kila siku.