Sanrufu inavuja? Kabla hujapaka silikoni, kagua kwanza mipira ya kutolea maji

Wadau wenye gari zenye sanrufu, yaani kile kioo cha darini kinachofunguka, hasa nyie wa Forester, Harrier, X-Trail na hizi za Kijerumani, masika yakianza tu naanza kuulizwa swali lilelile, mbona maji yanaingia ndani na kioo nimefunga vizuri? Na mara nyingi mtu anauliza akiwa tayari ameshapita kwa fundi, kapigiwa silikoni, ile gundi ya kuzibia, kioo kizima, sanrufu haifunguki tena na kapeti bado linalowa. Inaniuma kweli, kwa sababu kazi hii mara nyingi unaimaliza mwenyewe nyumbani ukiwa na chupa ya maji na kipande cha uzi wa nailoni.

Muelewe kwanza hii kitu inavyofanya kazi. Ule mpira unaozunguka kioo haukutengenezwa kuzuia maji yote, unapunguza tu, maji kidogo yanapita na waliotengeneza gari walijua yatapita. Ndo maana chini ya kioo kuna fremu yenye mfereji kuzunguka pande zote, na kwenye kona za huo mfereji kuna matundu, gari nyingi zina manne, na kila tundu limeunganishwa na mpira mwembamba unaoshuka ndani ya nguzo za bodi. Ya mbele inashuka kwenye nguzo za kioo cha mbele na kumwaga nje karibu na bawaba za mlango au nyuma ya madigadi, ya nyuma inashuka mpaka maeneo ya tairi la nyuma au ndani ya bampa. Kwa hiyo ni kama mfereji wa bati la nyumba, ukiziba maji hayaendi kokote, yanajaa yanamwagikia ndani.

Na yanaziba na nini? Vumbi, mchanga, majani. Mimi hapa Dar napaki chini ya mwarobaini, vile vijani vyake vidogo vinaingia kwenye mfereji vinaoza vinachanganyika na vumbi vinakuwa tope zito. Forester yangu ilikuwa imeziba kona ya mbele kushoto, na maji yalikuwa hayadondoki kutoka juu hata tone, yalikuwa yanatembea ndani ya nguzo yanatokea miguuni kwa abiria. Hapo ndipo wengi wanapotea, kwa sababu maji yanaonekana sehemu moja wakati yameingilia sehemu nyingine kabisa. Dari kuwa na doa la kahawia karibu na taa ya ndani au nguzoni, vioo kujaa ukungu asubuhi, harufu ya uvundo ukifungua mlango, hizo zote ni dalili, hata kama hujaona tone.

Kupima ni rahisi. Paki sehemu iliyo tambarare, fungua sanrufu, futa uchafu wote kwenye mfereji kwa kitambaa kibichi, halafu chukua chupa ya maji mimina kidogokidogo kwenye kona moja tu huku mwenzako anachungulia chini upande huohuo. Maji yakitoka chini ndani ya sekunde chache kona hiyo iko salama, hamia nyingine. Yakituama, au yakitoka kwa kudonda tu, umepata mchawi wako. Ila usitumie mpira wa bustani wenye presha, utalowesha kila kitu na hutajua kona ipi ndo mbovu.

Kuzibua sasa. Tumia ule uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia majani, wa unene wa kama milimita 2, ncha yake iunguze kidogo na kiberiti iwe ya mviringo isije ikatoboa. Ingiza taratibu huku unauzungusha, ukigota usisukume kwa nguvu, rudisha nyuma, mimina maji kidogo, rudia tena. Waya mgumu mi sikushauri kabisa, unatoboa mpira ndani ya nguzo na hapo kazi inakuwa kubwa. Na wale wa kupuliza kwa kompresa ya gereji naomba muwe makini sana, presha kubwa inachomoa mpira kwenye kichuchu chake juu ya dari, huoni kitu, halafu mvua inayofuata maji yote yanamwagikia kwenye kitambaa cha dari. Kufyonza ni salama kuliko kupuliza. Usisahau na ile ncha ya chini, gari nyingi zina kimpira chenye mdomo mwembamba pale maji yanapotokea na tope linapenda kukaa hapohapo, kiminye tu linatoka.

Ikiwa mipira yote inapitisha na bado unalowa, angalia mpira wa kioo kama umekatika au umekauka, usafishe kwa maji na sabuni ya kawaida, upake grisi ya silikoni, sio vaselini wala oili maana zinaharibu mpira. Angalia pia kioo kimekaa sawa na bodi, kikizama sana au kikiinuka upande mmoja maji yanaingia mengi kuliko mfereji unavyoweza kubeba, na kuna skrubu pembeni za kukirekebisha.

Halafu jamani sio kila maji ni ya sanrufu. Kama hakuna mvua na miguuni kwa abiria kunalowa ukiwasha AC, basi limeziba tundu la kutolea maji ya AC, hapo sanrufu usiiguse. Na maji mlangoni au kwenye buti yanaweza kuwa ya mipira ya milango au taa za nyuma.

Ukishaziba uvujaji usiishie hapo, kausha. Chini ya kapeti kuna sponji nene inayoshika maji muda mrefu sana, juu unagusa pakavu na chini pamelowa, na kwenye gari nyingi huko chini kunapita waya na soketi, zikiota kutu utaanza kuona taa za ajabu kwenye dashibodi. Inua kapeti, anika, acha milango wazi juani. Ukilazimika kutoa siti au plastiki za nguzo, chomoa betri usubiri dakika kadhaa kwanza kwa sababu ya eabegi (mifuko ya hewa inayofumuka gari ikigonga), kwenye gari nyingi zipo mpaka pembeni mwa dari. Kama hujawahi kuzigusa mwachie fundi umeme anayezijua, hapo usijaribu bahati.

Mi nazibua kabla ya masika ya Machi na tena kabla ya vuli, ni kazi ya asubuhi moja tu. Na kwa anayenunua gari ya mkononi, bonyeza kapeti miguuni kwa abiria kwa nguvu, nusa, angalia dari kwenye kona, halafu omba umimine maji kidogo kwenye kona za sanrufu. Muuzaji akikataa, mi hiyo gari siichukui hata akishusha bei.