Meya anachaguliwa na jiji zima, mbona mkuu wa polisi anaajiriwa na meneja?

SWALI: Nafuatilia siasa za Dallas kule Marekani. Meya anapigiwa kura na jiji zima ila mkuu wa polisi anaajiriwa na "meneja wa jiji" ambaye hakuna aliyempigia kura. Sasa meya kazi yake nini?

JIBU: Hujakosea kabisa. Meya wa Dallas ni kura moja kati ya 15 za baraza la jiji, hao 14 wengine ni madiwani wa maeneo yao, na veto hana, yaani hawezi kuzuia kilichopitishwa na baraza. Anaongoza vikao, anasikika kwenye media, basi. Nguvu iko kwa baraza lenyewe, ndo linapitisha bajeti na sheria ndogo, halafu linamwajiri meneja, mtu wa taaluma, na huyo ndo anaandaa rasimu ya bajeti na kuajiri au kutimua wakuu wengi wa idara. Ukitaka kumjua bosi wa jiji usihangaike na vyeo, we uliza mkuu wa polisi akiharibu nani anamwandikia barua. New York ni meya, Dallas ni meneja.

Mfumo huu ulishika kasi baada ya Dayton, Ohio, kuupitisha 1913, mwaka uleule mafuriko yalipoivuruga, ingawa Staunton, Virginia, walishaajiri meneja tangu 1908. Lengo lilikuwa kuwatoa wanasiasa kwenye ajira na tenda. Ndo maana katiba za majiji mengi ya hivi zinamkataza diwani kumwamrisha mfanyakazi moja kwa moja, hawezi kumpigia injinia simu eti leta greda mtaani kwangu, apitie kwa meneja. Hiyo ni kwenye karatasi lakini, maana diwani "akiulizia tu" kuhusu barabara fulani injinia anaelewa vizuri sana anaambiwa nini.

Na meneja naye usimwone yuko nje ya siasa. Baraza likimchoka anaondoka, kwa hiyo kila akipeleka pendekezo anakuwa ameshahesabu kichwani nani yuko upande wake, kuliko hata wanasiasa wenyewe.

Majiji mengine yameuacha mfumo huu. San Diego, baada ya balaa la mfuko wa pensheni, wakampa meya madaraka ya utendaji kuanzia 2006. Dallas nao waliulizwa kwenye kura 2005 kama wampe meya madaraka hayo, tena mara mbili mwaka huohuo, wakakataa zote mbili.