Daftari zimejaa herufi, je, nimpeleke huko?

SWALI: Shikamoo dada. Mwanangu ana miaka 3 na miezi 4. Nimetembelea chekechea mbili za binafsi. Ya kwanza ina jengo zuri, na mkuu wake alinionyesha daftari za watoto zilizojaa herufi. Ya pili ni ndogo, haina daftari hata moja. Watoto wanachezea maji na mchanga. Mume wangu anataka ya kwanza, anasema hatuwezi kulipa ada mtoto akacheze. Nifanyeje?
Mama wa Mmoja

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nimefundisha chekechea miaka 19, na daftari hizo nazijua. Mwanangu wa kwanza alisoma shule ya namna hiyo kabla sijaanza kazi hii. Alikuwa akirudi na kurasa mbili za herufi “a”, kidole cha kati kimebonyea pale penseli ilipokaa. Siku moja nikakuta ameficha begi chini ya kitanda. Nikamgombeza, nikidhani ni uvivu. Mpaka leo naumia nikikumbuka.

Kifundo cha mkono kina mifupa 8, na kwa mtoto wa miaka 3 mingi bado ni gegedu laini, haijawa migumu. Kumimina maji, kukamua sponji na kufinyanga udongo ndiko kunakoupa mkono nguvu ya kushika penseli. Friedrich Fröbel, aliyeanzisha chekechea Ujerumani mwaka 1837, aliwapa watoto mipira ya sufu na vipande vya mbao. Mwambie baba yake hivyo.

Lakini mchanga peke yake haunitoshi. Rudi kule asubuhi, watoto wanapopokelewa, bila kutoa taarifa. Mtazame anayelia. Mwalimu anachuchumaa amsikilize, au anamvuta mkono? Nilikuwa na mwenzangu kazini ambaye mtoto akijikojolea alimwita kwa sauti ya kawaida, “Njoo unisaidie kubeba vitu stoo.” Wakirudi, mtoto kabadilishwa na wenzake hawajui kitu. Mtafute mwalimu wa aina hiyo.

Uliza pia walimu wamekaa hapo muda gani. Wakibadilika kila muhula, kuna tatizo. Watoto wa umri huo wakizidi 10 kwa mwalimu mmoja, mimi nasita. Choo kikague mwenyewe. Na wakikuambia mzazi haruhusiwi kuona darasa, hapo usimwache mtoto.

Nenda na mume wako. Akae nusu saa kwenye kile kiti kidogo, awatazame, kisha ndipo mzungumzie ada.