Kukata Tanga Kuukuu Kuwa Tanga la Dhoruba: Maswali Yenu na Majibu

Nina tanga kuu la poliesta nililolistaafisha, nataka kulikata liwe tanga la mbele la dhoruba, yaani dogo na imara la upepo mkali. Nitajuaje kama kitambaa bado kina nguvu?

Macho hayatoshi. Tanga jeupe linaweza kuwa limeoza kwa jua, na lenye madoa ya kutu likawa zima. Uzi wa mshono hufa kabla ya kitambaa, kwa sababu umekaa juu na unasuguliwa na nyaya. Ukwaruze kwa ukucha, tena kwa nguvu. Ukikatika au kutoa unga, mishono yote ishonwe upya. Kisha nenda kwenye ukingo wa nyuma, palipochomwa na jua zaidi, ukate mkato wa sentimita moja na ujaribu kuchana kwa mikono. Kikichanika kama gazeti, rudia ndani zaidi. Napo kikichanika, hilo si tanga tena, lifanye mifuko.

Tanga la nailoni la kuendea na upepo wa nyuma halifai hata likiwa jipya, kwa kuwa linavutika mno. La matabaka yaliyogandishwa kwa gundi pia liache. Likizeeka, matabaka huachana.

Nilikate ukubwa gani?

Dogo kuliko unavyofikiri. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake kwenye tanga huwa mara nne. Kanuni za World Sailing, shirikisho la kimataifa la mchezo wa matanga, za mashindano ya bahari kuu ni kipimo kizuri hata kwa asiyeshindana: tanga la mbele la dhoruba lisizidi asilimia 5 ya kimo cha pembetatu ya mbele (ile kati ya mlingoti, sitaha na waya wa mbele) kikizidishwa kwa chenyewe, na ukingo wake wa mbele usizidi asilimia 65 ya kimo hicho. Ukiwa na kimo cha mita 9, unapata takriban mita 4 za mraba. Ukingo wa mbele wa mita 4.5 na upana wa mita 1.8 unakufikisha hapo.

Nikishalitandaza sakafuni, naanzia wapi kukata?

Usianze kukata. Chora kwanza umbo kwenye karatasi au turubai la nailoni, ulisogeze juu ya tanga mpaka uridhike.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kwenye tanga lililoshonwa kwa vipande vya kukingama, mshindio, yaani nyuzi zinazokwenda kukingama kitambaa, ndio wenye nguvu, nao unakwenda sambamba na ukingo wa nyuma. Ukingo wa nyuma wa tanga jipya nao lazima ufuate mshindio. Ukiukata kwa hanamu, utavutika siku ya kwanza ya upepo na hutaweza kuurudisha. Ila ukingo ule wa zamani ndio umeungua jua, kwa hiyo sogeza umbo lako ndani, mbali nao, bila kulizungusha. Ukingo wa mbele utaangukia hanamu kidogo, nao unaokolewa kwa kamba isiyovutika iliyoshonwa ndani ya pindo.

Ukingo wa mbele uwe mnyoofu, usiwe na tumbo, kwani tanga la dhoruba linatakiwa kuwa bapa. Wa nyuma uingie ndani kidogo ili usipigepige. Fito za kunyoosha ukingo wa nyuma usiweke hata moja. Pembe ya demani, ile kamba ya kuvutia tanga, iwe juu, wimbi likipanda sitaha lisijaze tanga maji.

Cherehani yangu ya nyumbani itaweza?

Mishono mirefu, ndiyo: uzi mnene wa poliesta uliotengenezwa kwa kukaa juani, sindano namba 18, zigizaga, mistari mitatu badala ya miwili. Pembeni haitaweza, na pembe ndizo tanga lenyewe. Nasisitiza hili kwa kuwa wengi hushona kitambaa vizuri kisha hugongea pete kwenye tabaka mbili tu. Pete ya namna hiyo inang'oka nzima. Weka viraka vinne au vitano, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia, ili mzigo usambae na kingo zao zisiishie mahali pamoja. Kisha pitisha mikanda ya poliesta kwenye pete ya chuma kisichoshika kutu, uitandaze kama miale na uishone kwa mkono, kwa shazia, sindano nene ya kushonea matanga, na ngozi ya kiganja ya kuisukumia.

Demani zifungwe moja kwa moja kwenye pete kwa fundo la kitanzi. Klipu ya chuma kwenye tanga linalopepea inaweza kumvunja mtu fuvu.

Mashua yangu ina jenoa la rola, yaani tanga kubwa la mbele linalokunjwa kwa kuzungushwa kwenye waya wake. Si nilikunje tu?

Likikunjwa sana hutuna tumbo na mzigo wake hubaki juu. Afadhali waya wa pili ndani ya ule wa mbele, wa kupandishia tanga la dhoruba, unaofungwa kabla ya hali kuharibika. Tanga lako jipya lipandishe bandarini siku tulivu kwa jarari yake, yaani kamba ya kupandishia, ukaweke alama pale demani inapopitia sitahani.