Semina ya mbinu za kujisomea: wanaahidi, mbona hawatendi?

SWALI: Mimi ni mshauri wa wanafunzi katika chuo kimoja Dodoma. Mwaka wa kwanza huwapa semina ya siku mbili: kupanga ratiba, kuandika noti, kujipima kwa maswali bila kutazama noti. Kwenye dodoso la mwisho karibu wote hujaza kwamba watajisomea kila siku. Test ya kwanza ikifika, wanakesha na madesa (noti za kunakili kwa wenzao) kama waliowatangulia. Semina haifai, au dodoso linatudanganya?

JIBU: Dodoso halidanganyi, ila linapima nia, nawe unatafuta tabia. Kwa nadharia ya mwanasaikolojia Icek Ajzen (1991), nia hutokana na mtu anavyolipima jambo lenyewe, anavyodhani watu wake wanamtaka afanye nini, na anavyojiona analimudu. Semina yako inagusa zaidi hilo la kwanza. La pili wameshalishika kaka na dada wa mwaka wa tatu, wanaonong'ona kwamba madesa yanatosha (na kwa baadhi ya masomo, tukubali, yanatosha).

Hata nia ikipanda kweli, tabia hubaki nyuma. Watafiti Webb na Sheeran walipojumlisha majaribio 47 mwaka 2006, waliona nia iliyobadilika kwa kiasi cha wastani hadi kikubwa ikileta badiliko dogo hadi la wastani tu katika matendo.

Halafu kujipima hakulipi papo hapo. Katika jaribio la Roediger na Karpicke (2006), baada ya dakika 5 walioongoza ni waliorudia kusoma tu. Baada ya wiki moja waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao 42. Anayeijaribu mbinu hii usiku wa kuamkia test ataiona haina maana, na kwa usiku ule hakosei.

Kwa hiyo saa ya mwisho ya semina usiwape hotuba. Kila mmoja aandike: "Jumanne nikitoka lekcha ya saa nne, nakwenda maktaba, najibu maswali matano bila kufungua desa." Gollwitzer na Brandstätter (1997) waliwaagiza wanafunzi kuandika ripoti wakati wa Krismasi; waliotaja mapema saa na mahali, karibu robo tatu waliimaliza kwa wakati, wengine theluthi moja tu.

Mwombe pia mhadhiri mmoja aweke jaribio fupi kila wiki ndani ya somo lake. Ndilo ningeanza nalo kama bajeti ni finyu. Na dodoso lihamishie wiki ya sita, liulize: wiki iliyopita ulijipima siku zipi?