Muulize Anti: Maboksi ya vijana walioko Kuwait

SWALI: Anti shikamoo. Mi niko Dallas, mwanangu yuko jeshi la Marekani na sasa wamempeleka Kuwait. Kina mama wa kanisani tunataka tuchangishane tuwe tunamtumia yeye na wenzake vitafunwa, soksi, vitu vidogo vidogo. Lazima tusajili kwanza? Mama Imani.

JIBU: Marahaba mama. Usajili usikunyime usingizi, kikundi cha hisani ambacho makusanyo yake kwa kawaida hayazidi dola 5,000 kwa mwaka hakilazimiki kupeleka maombi ya msamaha wa kodi IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani (sheria za jimbo ulizieni), ila daftari la michango lianze siku ya kwanza maana hela za kuchanga ndo zinavunjaga urafiki. Kazi yenyewe iko posta. Boksi linaenda kwa jina la askari, kikosi chake na namba ya APO (posta ya jeshi), ukiandika "kwa askari yeyote" halifiki, na neno Kuwait usiliandike kabisa, linaweza kuingia posta ya kawaida ya nje. Nauli ni kama unatuma humohumo Marekani. Fomu ya forodha jaza kitu kwa kitu: soksi pea 6, karanga pakiti 4. Pombe na nguruwe hapana, hata nyama kavu soma pakiti. Chokoleti kiangazi acheni, itafika uji. Wekeni kashata za karanga, za nazi zinachacha, halafu muulize kijana nani kikosini hajawahi kutumiwa kitu, muanze na hao.